Mnara unapoishia: simu uliyonayo, kifaa kidogo au dishi?

Miaka kumi iliyopita, aliyetaka kupiga simu kutoka jangwa la Chalbi au katikati ya Ziwa Tanganyika alikuwa na njia moja tu: anunue simu ya satelaiti, alipie kila dakika kwa dola, na aombe Mungu betri isizime. Siku hizi njia ni tano, na kila muuzaji anaapa kwamba yake inafika popote. Makala haya ni ya mtu aliyekwama hapo katikati: mwongoza watalii, nahodha wa boti, mtafiti wa msituni, dereva wa masafa marefu, mwalimu aliyepangiwa kijiji kisicho na mnara, au ndugu yetu wa Toronto anayerudi nyumbani na iPhone aliyoambiwa "ina satelaiti".

Mambo ya kupimia

Usianze na jina la kampuni. Anza na kazi: unataka kutuma meseji, kuongea, au kutumia intaneti? Watu wengi wanaosema wanataka simu, ukiwabana kidogo utakuta meseji mbili kwa siku zinawatosha, na hapo bei inashuka sana. Pili ni anga. Satelaiti haipiti kwenye bati wala zege, na majani mazito ya msitu huipunguza nguvu. Anayekwenda Turkana na anayekwenda Ituri hawanunui kitu kimoja. Tatu ni nchi. Satelaiti iko juu ya kila mtu, lakini ruhusa ya kurusha mawimbi hutolewa ardhini na mdhibiti wa mawasiliano wa kila nchi: TCRA (Tanzania), CA (Kenya), UCC (Uganda), RURA (Rwanda) au ARPTC (Kongo), kila mmoja kwake. Nne ni pesa na umeme: bei ya kifaa, ada ya kila mwezi, na chaji utaipata wapi. Tano, ambalo matangazo hulipitia haraka mno, ni dharura: ukibonyeza SOS nani anaipokea, na baada ya kuipokea nani hasa anakuja?

Nitapima kila njia kwa hayo matano. Lakini kwanza tuone kwa nini jambo hili lilikuwa gumu, maana ugumu huo ndio unaoeleza tofauti za bidhaa zilizopo sokoni.

Kwa nini simu ya kawaida haikuwa ikiongea na anga

Mnara wa kawaida wa 2G hauhudumii simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35. Mawimbi yanaweza kufika mbali kuliko hapo, ila ratiba ya GSM, yaani mfumo wa 2G, haivumilii simu inayochelewa kujibu kupita kiasi hicho. Sasa uchukue mnara huo, uuweke kilomita 360 juu, uukimbize kwa kilomita zipatazo 27,000 kwa saa, kisha uiambie simu yenye nguvu ya kurusha ya wati 0.2 iongee nao. Kwa kasi hiyo masafa hufika yamehama kwa makumi ya kilohezi, wakati vijia vidogo vya mawimbi ya 4G vimeachana kilohezi 15 tu. Na baada ya dakika chache satelaiti hiyo imezama upeoni, simu inatakiwa kuhamia nyingine.

Wahandisi wakagawanyika njia mbili. Kundi la kwanza lilisema simu isiguswe. Satelaiti ndiyo ibebe mzigo wote, irekebishe masafa na muda yenyewe, iwe na antena kubwa mno, na simu iamini kwamba inaongea na mnara wa mtandao wake. Huko ziko kampuni za Lynk na AST SpaceMobile, pamoja na Starlink ya SpaceX, kampuni ya Elon Musk. Kundi la pili likabadilisha simu yenyewe: chipu ijue kwamba inaongea na satelaiti na ijirekebishe. Viwango vya kimataifa vya simu, katika toleo la 17 lililokamilika 2022, viliingiza rasmi namna hiyo. Kwa mnunuzi tofauti ni kubwa. Kwa kundi la kwanza unasubiri kampuni yako ya simu iwashe huduma. Kwa kundi la pili unanunua simu mpya na bado unasubiri nchi yako iingie kwenye orodha.

Njia ya kwanza: simu yako ya 4G kupitia mtandao wako

Kazi. AST ilipiga simu ya kwanza ya sauti Aprili 2023, kutoka Texas hadi Japani, kwa Samsung Galaxy S22 ya dukani isiyoongezwa kitu, kupitia satelaiti ya majaribio yenye antena ya meta za mraba 64. Starlink ilirusha satelaiti zake za kwanza za aina hii Januari 2024, na siku chache baadaye meseji zikapita. New Zealand, One NZ ilifungua huduma ya meseji Desemba 2024. Marekani, T-Mobile ilianza rasmi Julai 2025, kisha ikaongeza data kwa programu zilizochaguliwa, WhatsApp ikiwamo. Usitegemee video. Elon Musk mwenyewe, alipotangaza mpango huo Agosti 2022, alitaja megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde kwa eneo zima chini ya boriti (mwale) moja ya satelaiti, na eneo hilo wanagawana wote waliomo.

Anga. Nje, penye uwazi. Huhitaji kuielekeza simu mahali. Inakamata yenyewe satelaiti inapopita, na meseji inaweza kungoja dakika kadhaa. Ndani ya nyumba ya bati, sahau.

Nchi. Desemba 2025 Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX ya kuleta huduma hii katika nchi zake 14, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, kuanzia 2026, kwa kutegemea kibali cha kila nchi. Vodafone, kampuni mama ya Vodacom, nayo ni mshirika na mwanahisa wa AST, jambo linalowahusu wateja wa Vodacom na Safaricom siku satelaiti zitakapotosha. Tangazo si huduma. Uliza dukani: imewashwa hapa? Kwa bando gani? Kwa simu gani?

Hilo la simu gani lina jambo ambalo matangazo hayalikazii. "Simu ya kawaida" kwa Starlink maana yake ni simu ya 4G. Kiswaswadu cha 2G, ambacho Wakenya wanakiita kabambe, hakimo, na huko minara isikofika ndiko kiswaswadu kilikojaa, kwa sababu ya betri yake inayokaa siku nyingi. Lynk na AST wamewahi kuonyesha kwamba hata 2G inawezekana, lakini kinachokuhusu wewe ni kile mtandao wako utakachowasha. Pia uliza mahususi kuhusu pesa za simu. Menyu ya nyota na reli hupita njia tofauti na meseji. SMS kupita hakumaanishi utaweza kutuma hela.

Pesa na umeme. Ndiyo njia rahisi kuliko zote: hununui kifaa. T-Mobile ilianza na dola 10 kwa mwezi. Bei za kwetu zitapangwa kwetu. Chaji ni ileile ya simu, ingawa simu inayotafuta mtandao kutwa nzima humaliza betri haraka.

Dharura. Unawaandikia watu wako mwenyewe, kwa namba wanayoijua. Hiyo ni faida kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Inamfaa anayetoka nje ya mtandao kwa saa chache au siku moja moja, na anayeweza kusubiri meseji. Haimfai anayetegemea mawasiliano kwa uhai wake leo hii.

Njia ya pili: simu yenye satelaiti ndani

Kazi. iPhone 14 na zilizofuata hutuma ujumbe wa dharura kupitia satelaiti za Globalstar, zilizo kilomita zipatazo 1,400 juu. Huduma ilianza Marekani na Kanada Novemba 2022, ikafuata Ulaya. Mwaka 2024 zikaongezwa meseji za kawaida kwa Marekani. Google Pixel 9 ina SOS yake kwa satelaiti. Huawei Mate 60 Pro ya 2023 inapiga hata simu ya sauti, lakini kwa satelaiti za Tiantong za China na kwa wateja wa huko. Aliyekuuzia Kariakoo kwa sifa hiyo amekuuzia maneno.

Anga. Hapa unaielekeza simu kwa mkono kufuata mshale kwenye kioo. Penye uwazi ujumbe huchukua sekunde kama 15. Chini ya miti, dakika na zaidi.

Nchi. Hapa ndipo ndugu wa Toronto anaponyimwa. Kule simu yake inafanya kazi vizuri. Akitua Dar au Entebbe, hadi mwisho wa 2025 hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyokuwa kwenye orodha ya Apple. Sababu si ukaidi wa simu. Satelaiti za Globalstar hurudisha tu mawimbi chini, kwa hiyo lazima wakati huohuo zione kituo cha ardhini, na pia kila nchi inahitaji mpango na vyombo vyake vya dharura. Jambo jingine: iPhone zilizouzwa China bara, Hong Kong na Macao hazikupewa huduma hii. Simu nyingi za mtumba zinazofika kwetu zimepitia masoko hayo, basi usilipe nyongeza kwa ajili ya satelaiti bila kujua ilikotoka.

Pesa na umeme. Huduma ilianza kutolewa bure kwa miaka miwili, na Apple imekuwa ikisogeza muda huo mbele. Gharama yenyewe ni simu.

Dharura. Unajibu maswali machache kwenye kioo, kituo kinapokea na kuwaita waokoaji wa nchi hiyo. Nchi ikiwa nje ya orodha, hakuna kituo.

Inamfaa anayeishi au kusafiri sana Ulaya, Marekani, Kanada au Japani. Kwa aliyeko Mbeya au Bukavu, ni kitu kizuri ambacho bado hakijafika.

Njia ya tatu: kifaa cha meseji kando ya simu

Hii haizungumzwi sana, nami naona ndiyo inayowafaa wengi kuliko wanavyofikiri. Unabaki na simu yako yoyote, unaiunganisha kwa bluetooth na kifaa kidogo kama Garmin inReach Mini 2, chenye gramu 100, na kifaa hicho ndicho kinachoongea na satelaiti.

Kazi. Meseji za kwenda na kurudi, kutuma mahali ulipo, taarifa fupi za hali ya hewa. Sauti hakuna.

Anga. Kinatumia Iridium: satelaiti 66 zinazofanya kazi, kilomita 780 juu, zinazopitishiana ujumbe zenyewe kwa zenyewe bila kungoja kituo cha ardhini kilicho karibu. Ndiyo maana Iridium inafika baharini, jangwani na ncha za dunia. Obiti zake zote hupita karibu na ncha, hivyo hubanana huko na kuachana huku ikweta, na kwenye bonde lenye kuta ndefu utasubiri mpaka satelaiti nyingine ipite. Kwenye misitu ya Kongo tafuta uwazi, hata wa mto au barabara.

Nchi. Kifaa kinafanya kazi karibu kila mahali, lakini kufanya kazi na kuruhusiwa ni mambo mawili. Uliza mdhibiti kabla ya kukipitisha forodhani. India, kwa mfano, wasafiri wamekamatwa uwanja wa ndege kwa kubeba vifaa vya satelaiti bila kibali.

Pesa na umeme. Kilitoka 2022 kwa dola 400 hivi, na kina ada ya mwezi. Betri hufika siku 14 ukikiweka kirushe mahali ulipo kila dakika 10; pawabenki moja inatosha safari ndefu.

Dharura. Kitufe cha SOS kinakwenda kituo cha Garmin kilichoko Texas, ambacho hufanya kazi usiku na mchana. Kituo hicho hakina helikopta Ruaha. Kitapiga simu huku na huku kutafuta wa kukufikia, kwa hiyo wapunguzie kazi: kwenye fomu ya usajili weka namba za hifadhi, za kampuni yako ya safari, na za uanachama wako wa AMREF Flying Doctors wa uwanja wa Wilson kama unao. Watu hulipia kifaa kwa mamia ya dola wakaacha fomu hiyo tupu.

Inamfaa mtembea milima, mtafiti, mwongoza watalii anayelala porini, mwendesha pikipiki wa masafa. Haimfai asiyesoma vizuri wala anayehitaji kueleza jambo refu kwa sauti. (Kilimanjaro, kwa taarifa, si pori la mawasiliano tena: shirika la simu la Tanzania, TTCL, lilifikisha intaneti kambi ya Horombo, mita 3,720, Agosti 2022.)

Njia ya nne: simu kamili ya satelaiti

Kazi. Sauti, na meseji. Data ni ya kukwaruza.

Anga. Chaguo lako halisi ni kati ya satelaiti zinazokimbia na zilizotulia. Iridium, iliyofungua huduma Novemba 1998 na kuomba kinga ya kufilisika mwaka uliofuata kabla ya kufufuliwa, ina satelaiti zinazopita. Ukiwa kwenye bonde simu inaweza kukatika moja inapozama. Thuraya ya Abu Dhabi na Inmarsat hutumia satelaiti zilizotulia kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Kwa sisi tunaokaa karibu na ikweta hilo ni neema: satelaiti ya Thuraya iliyowekwa nyuzi 44 mashariki iko karibu na utosi wa Mombasa, hivyo milima haiizibi kirahisi. Bei ya neema hiyo ni kuchelewa kwa sauti. Unasema, unangoja, anajibu. Wasiozoea wanaongea kwa pamoja na kulaumiana.

Nchi. Thuraya haifiki Amerika, na ukielekea kusini mwa Afrika tazama ramani yao kwanza. Kubwa zaidi: kutegemea satelaiti moja kuna hatari yake. Thuraya-3 ilipoharibika Aprili 2024, wateja wa Asia na Pasifiki walipoteza huduma. Thuraya-4 ilirushwa Januari 2025. Mahali penye vita, simu ya satelaiti huvuta macho ya wanajeshi na wa waasi pia. Wafanyakazi wa misaada Somalia na Sudan Kusini hubeba barua ya kibali pamoja na simu, nawe ufanye hivyo.

Pesa na umeme. Iridium mpya ni zaidi ya dola 1,000. Thuraya za chini ni nafuu zaidi. Iridium Extreme huongea saa 4 na kungoja saa 30. IsatPhone 2 ya Inmarsat huongea saa 8 na kungoja saa 160. Waonye walioko nyumbani: kupiga namba inayoanza na +8816 au +88216 kutoka laini ya kawaida humaliza vocha kabla ya salamu kwisha. Iridium ina tovuti ya kutuma meseji bure kwenda kwenye simu zake, wafundishe hiyo.

Dharura. Unaongea na mtu, unaeleza, unaulizwa. Kwa mgonjwa, maelekezo ya daktari kwa sauti hayana mbadala.

Inamfaa kiongozi wa msafara, zahanati ya mbali, meli, shirika. Kwa mtu binafsi wa safari mbili kwa mwaka, tafuta pa kukodi.

Njia ya tano: dishi dogo na Wi-Fi

Kazi. Kila kitu: WhatsApp ya sauti na video, barua pepe, malipo kwa programu. Hata simu isiyo na laini inafanya kazi, na kijiji kizima kinaweza kugawana.

Anga. Dishi la Starlink Mini linahitaji kuona eneo pana la anga, si tundu kati ya miembe. Mti mmoja mkubwa upande usiofaa utakukatia simu kila baada ya muda.

Nchi. Rwanda na Kenya walianza 2023, Burundi 2024. Kongo ilipiga marufuku 2024 kisha ikatoa leseni Mei 2025. Tanzania na Uganda, hadi mwisho wa 2025, leseni ilikuwa haijatoka. Dishi la magendo linaweza kutaifishwa au kuzimwa, na hapo huna wa kumlalamikia.

Pesa na umeme. Kenya mwaka 2024 Mini iliuzwa kwa shilingi 27,000, na bando la GB 50 kwa shilingi 1,300. Kwa intaneti halisi hakuna njia nyingine hapa inayolikaribia. Umeme ndio mtihani: wati 25 hadi 40 kwa muda wote linapowaka. Gari, betri ya sola ya maana, au jenereta. Huliweki mfukoni, wala huliwashi umeanguka korongoni na mguu umevunjika.

Dharura. Nzuri kambini, haina maana njiani.

Inamfaa shule, zahanati, kambi ya kudumu, boti yenye betri kubwa, mwandishi anayetuma picha.

Ipi kwa hali ipi

Dereva au mfanyabiashara ambaye mtandao humpotea kwa saa mbili tatu kati ya miji, na ana simu ya 4G: usinunue kitu bado. Fuatilia mtandao wako utakapowasha satelaiti, jaribu kwa mwezi mmoja. Ukiwa na laini moja tu, fikiria ya pili kwa mtandao utakaotangulia.

Mtafiti au mwongoza watalii wa kulala porini siku kadhaa: kifaa cha meseji, na fomu ya SOS imejazwa. Ukiwa na wageni wanane nyuma yako, ongeza simu ya sauti ya kukodi. Meseji za herufi 160 hazitoshi kueleza hali ya mtu aliyeumwa na nyoka.

Mwalimu, muuguzi, mmishonari wa kijiji kisicho na mnara: dishi dogo na sola, kama nchi imeruhusu. Kama haijaruhusu, simu ya satelaiti ya taasisi, iandikishwe kwa jina la taasisi, si lako.

Aliye mashariki mwa Kongo: kibali kwanza, kifaa baadaye. Kisichoonekana kama antena ya kijeshi kina usumbufu mdogo vizuizini, lakini karatasi ndizo zinazokupitisha.

Mgeni anayekuja likizo na iPhone: nenda ukijua kwamba satelaiti yake italala tangu unatua. Kama ratiba yako ni Zanzibar na Arusha, hutaihitaji.

Mvuvi na nahodha wa mkondo wa Pemba: kabla ya yote matano, nunua kitoa ishara cha dharura cha megahezi 406, kile kinachosomwa na Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa satelaiti za uokoaji. Hakina ada ya mwezi. Kiandikishe kwa jina la chombo chako, maana ishara yake hupelekwa kwa waratibu wa uokoaji wa baharini, na Mombasa pana kituo cha kanda cha kazi hiyo tangu 2006. Kisha, pesa ikibaki, chagua cha kupigia soga.